Injini ya Dizeli Niliipatia

Kabla ya kuhamia Maskati nilifanya kazi kwenye reli Mombasa miaka tisa, na mtaa mzima unajua, kwa sababu nimewaambia. Juzi shemeji yangu Nassor, aliyerudi kutoka masomoni Uingereza, alituonyesha barazani picha zake za treni za zamani. Nikazitaja injini za dizeli moja moja, kwa magurudumu na madirisha yake, watu kimya kama wanasikiliza khutba.

Ya mwisho niliikazia macho, kikombe cha kahawa mkononi. "Dizeli ya Kiingereza, ya kupangia mabehewa. Hilo jeupe nyuma yake tangi la mafuta. Nnalijua."

"Injini umepatia," Nassor akasema. "Lakini ni ya kuchezea, ya mwanangu. Nimeipiga picha hapa hapa mkekani."

"Na tangi?"

"Tangi umelishika mkononi, shemeji. Nikuongeze kahawa?"