Kopo Lenye Picha ya Majani

Wallahi, yule bwana wa gari la matangazo akithubutu kupita Tiwi tena, nitamtokea na mchi. Alikuja mwaka wa pili wa Uhuru, kipaza sauti juu ya gari, akasimama sokoni na makopo ya unga wa kuulia wadudu. Kila kopo lilichorwa majani ya kijani, na chini yake maandishi makubwa ya Kiswahili: “Dawa ya asili. Haidhuru mtu wala mnyama.” Akajipaka kidogo mkononi, akacheka. Watu wakampigia makofi.

Jirani yangu Mwanarusi alichukua moja. Mjane yule, nyumbani hana mtu ila mwanawe Iddi, katoto kalikoanza kusema juzi tu, na siku zile upele ulikuwa unamtafuna mwili mzima. Sisi huku upele twautibu kwa mwarobaini: majani unayachemsha ukamwogesha mtoto, mengine unayaponda ukampaka. Mwanarusi alipoyaona majani ya kopo, akajua ni mwarobaini uliosagwa tayari. Hakuuliza mtu. Angeuliza nini, na kusoma anajua, na kopo lilikuwa limekwisha kumjibu?

Alasiri akaukoroga unga ule kwa mafuta ya nazi, akampaka mtoto kutoka utosini hadi nyayo. Jua halijatua nikasikia ukelele. Nilimkuta Iddi anatokwa povu, anatetemeka, macho yamepinduka. Mungu wangu! Tukakimbia barabarani, lori la miwa likatuchukua hadi hospitali ya Msambweni. Njia nzima Mwanarusi anampulizia usoni: “Iddi, baba, niitikie! Niitikie mamako!”

Mganga wa zamu, Bwana Tsuma, alimwosha mtoto kwa sabuni, akamdunga sindano, kisha akaligeuza kopo. Nyuma palikuwa na Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya chawa.

“Imo pareto, lile ua la bara, kidogo tu,” akasema. “Hiyo ndiyo asili yao. Kilichobaki ni sumu ya kiwandani. Na hapa wameandika isiguse ngozi.”

“Na majani?” Mwanarusi akauliza.

“Majani ni picha, mama. Hayamo.”

“Basi mbona la uongo wameliandika kubwa, kwa lugha yangu, na la kweli wakalificha kwa lugha ya wenyewe?”

Bwana Tsuma akaliweka kopo chini, akarudi kwa mtoto. Alfajiri Iddi akakata roho mikononi mwa mamake, tukamrudisha nyumbani.

Kwetu maji ya kumwoshea maiti hutiwa majani ya mkunazi. Shangazi yake Iddi, dada wa marehemu babake, alipoingia na beseni, majani yanaelea juu, Mwanarusi aliruka akalipiga teke, maji yakamwagika chumba kizima.

“Maji matupu!” alilia. “Nawaomba, mwosheni mwanangu kwa maji matupu!”

Shangazi akaliokota beseni, akatoka kwenda kisimani.