Barafu ya Aina Mbili

Shaka iliyoninyima usingizi wiki mbili nzima ilihusu sentensi moja ya ukurasa wa tisa: "Barafu ya bahari za ncha za dunia ikiyeyuka, maji hupanda na kumeza nyumba za watu wa pwani." Niliisoma nikaona ni sawa. Nikaisoma tena nikaona si sawa. Kisha nikaanza kujiuliza kama tatizo ni sentensi au ni mimi.

Mkataba wangu umekwisha na niko nyumbani Endebess, ambako mama ananiita mstaafu mbele ya wageni. Nina miaka ishirini na sita. Lakini yupo atakayekalia kiti changu, na ningependa ajue kazi ile ilifanywaje.

Siku ya kwanza niliripoti ofisini Kitale na shahada ya sayansi ya bahari, mimi ambaye kwetu maji makubwa ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Ofisi ilikuwa ikitayarisha kijitabu cha shule za msingi kuhusu bahari za baridi na watu wa pwani. Mratibu, mama wa Bungoma ambaye sote tulimwita Madam, alinipa orodha ya istilahi, yaani maneno ya kitaalamu na Kiswahili chake, akasema, "Andika kitu mtoto wa kijiji cha Myanga ataelewa bila kupigia chuo kikuu simu."

Nikaandika. Nilitenga barafu ya aina mbili: ile inayoganda juu ya bahari yenyewe na kuelea, na barafuto, yaani barafu nzito iliyojilimbikiza juu ya nchi kavu kwa miaka mingi. Madam akaipitia kwa kalamu nyekundu.

"Chemtai, balafuto ndio nini?"

"Ni barafu ya nchi kavu, Madam."

"Hapa watoto wanajua balafu moja, ile ya kunyonya wakitoka shule. Toa hiyo ingine. Wewe unafikilia sana, bana."

Nikaitoa. Aina mbili zikawa moja. Pruf zilipokuja, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, nilitia sahihi kila ukurasa, hata wa tisa. Usingizi ukaondoka hapo. Nilihofia kuuliza tena, maana nilikuwa nimeshauliza mengi yasiyo na maana, kama vile iwapo picha ya dubu mweupe ingewatisha watoto wa gredi ya nne.

Vitabu vilipochapwa nikahamishiwa stoo ya Bungoma kusimamia usambazaji. Mabunda yote yalikuwa bado yamefungwa kamba, ila moja la majaribio lililotangulia kwenda shule iliyo karibu na Naitiri. Siku ya tatu mwalimu wa sayansi wa huko, Mwalimu Nekesa, akanipigia.

"Dada, si mlisema barafu ikiyeyuka maji yanapanda?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa mimi nimeweka barafu kwa glasi ya maji, nikachora mstari. Imeyeyuka yote. Maji iko pale pale kwa mstari na darasa zima linaniangalia. Mmoja amesema ati kitabu kinadanganya, na watu wa pwani wanalia bure."

Jibu nililijua tangu chuo. Barafu inayoelea imeshasukuma maji sawa na uzito wake, kwa hiyo ikiyeyuka haiongezi kitu. Kinachopandisha bahari ni barafuto inayoyeyuka kutoka nchi kavu, na maji yenyewe kutanuka yakipata joto. Ile inayoelea ina kazi yake nyingine: hurudisha mwanga wa jua angani, na sili, wale wanyama wa bahari za baridi, huzalia juu yake. Yote hayo yalikuwa kwenye rasimu yangu.

Nikampigia Madam. Nikamweleza yote.

"Nani mwingine amejua?"

"Darasa moja."

"Basi vitabu viende. Mkataba wako unaangaliwa mwezi huu, Chemtai. Unataka niandike ati ulikosea ukulasa wenye sahihi yako?"

Nikamwomba muda, nikawaza hadi chai ikapoa na kufanya utando. Nikisema, namwaibisha mkubwa aliyenifundisha kuandika kwa ufupi, na kweli alinifundisha. Nikinyamaza, watoto wa Naitiri watakua wakiamini wenzao wa Lamu wanaisingizia bahari. Kisha nikawaza kama ninawaza sana. Lakini safari hii hapakuwa na la kuwaza. Maji yalikuwa pale pale kwenye mstari.

Nikampigia tena. "Andika nilikosea, Madam. Sahihi ni yangu."

Akashusha pumzi. "Haya. Na hiyo balafuto yako, uieleze vizuli."

Nilifungua mabunda, nikakata sentensi ile kwa kalamu katika kila nakala na kuandika sahihisho pembeni. Ilinichukua siku nne na vidole vikavimba. Ya tano nikaenda Naitiri na barafu ndani ya themosi. Nikaliambia darasa la Mwalimu Nekesa kwamba kitabu kilikosea na aliyekiandika ni mimi. Nikaweka jiwe ndani ya glasi liwe nchi kavu, likatokeza juu ya maji. Nikachora mstari, nikapachika barafu juu ya jiwe, tukakaa kungoja.