Gari Lisilo na Klachi

Mwanamke wa kwanza kuendesha gari la biashara kutoka Sumbawanga hadi mnadani Ilemba ni mimi. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu wapo watu pale mjini ambao mpaka leo wanadai alikuwa mwingine. Haya, waulizeni huyo mwingine alipanda ule mlima wa kutoka Ilemba na gari gani, na nani alimwona.

Langu lilikuwa gari refu la Kijapani, la milango mitano, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Lilizeekea huko kwao, likaja kushushwa Dar es Salaam miaka ile ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa na kila mwenye duka akataka naye aonekane. Marehemu mume wangu alilifuata mwenyewe. Alirudi nalo kwa njia ya Tunduma, siku tatu za vumbi, akaingia mjini adhuhuri akipiga honi mtaa mzima. Watu wakalizunguka. Walipochungulia chini ya usukani na kuona pedeli mbili tu, walicheka wakashika mbavu.

"Wajapani wamesahau klachi!" mmoja akapiga kelele. "Hili gari la wanawake!"

Mume wangu alikuwa mkaidi kama mimi, ndiyo maana tuliwezana. Akaniita nje mbele ya wote. "Kama ni la wanawake," akasema, "basi mwanamke apande." Nikakaza kanga kiunoni, nikapanda, nikalizungusha soko mara mbili. Niligonga pipa moja tu, nalo lilikuwa tupu.

Nimeolewa katika ukoo wa malori. Baba mkwe alikuwa na malori, na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ana malori mpaka kesho, pamoja na duka la spea na oili. Watu walisema yule mtu akisikia lori linakuja upande wa Namanyere, bado halijaonekana, anakwambia lina kasoro gani. Na kweli alikuwa akipatia. Hakuwa na elimu kubwa, hakuwa na maneno mengi, ila kwa injini alikuwa bingwa, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Halafu mume wangu akafariki. Homa ya siku tano, basi. Sitaki kuieleza zaidi.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, kama inavyotakiwa. Gari liliegeshwa kwenye kibanda pembeni, karibu na dirisha la chumba changu. Kila Ijumaa baada ya swala shemeji alikuja kuliwasha, maana gari likikaa muda mrefu bila kuwashwa linakufa. Sikumwona, pazia lilikuwa limefungwa. Nilisikia mlango unafungwa, injini inanguruma, nami huo ndio ulikuwa wakati wangu wa kulia. Siku nyingine nililia kwa kujibana, maana nyumba ilijaa watu. Lakini Ijumaa injini ilinifunika, nikalia kwa sauti yangu yote. Ilipozimwa nami nilijifuta machozi.

Eda ilipokwisha sikukaa hata wiki. Nilipakia kanga, sabuni, sukari na chumvi, nikateremka mlimani kwenda bonde la Rukwa, mnadani Ilemba. Huko Wasukuma waliohamia na mifugo yao walikuwa wakiuza ng'ombe, na mtu aliyetoka kuuza ng'ombe hagombani na bei ya kanga. Nikarudi na mpunga. Wiki iliyofuata nikaenda Kaengesa, nyingine Namanyere. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilikuwa na huzuni na nilikuwa na furaha, vyote kwa pamoja, na sikuona haya kwa hilo. Nikiwa nyuma ya usukani sikuwa mjane wa mtu, nilikuwa mfanyabiashara.

Ndipo gari likaanza visa. Asubuhi za Juni zile, baridi ya Ufipa inayokufanya uvae masweta mawili, naingiza gia ya kwenda mbele, gari linatulia tu. Nahesabu mpaka kumi. Halafu linashtuka na kuruka kama mbuzi. Baadaye likahamia mlimani. Nimetoka Ilemba na mpunga, nafika kona moja kali, nakanyaga mafuta. Injini inalia juu kabisa, gari lenyewe linatambaa, halafu linasimama. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Kundi la ng'ombe likanipita. Wallahi, ng'ombe! Mchungaji wao akaniinamia dirishani akauliza kwa upole, "Mama, limelala?"

Lililala mara tatu. Mara ya tatu shemeji alituma lori lije kunivuta, na jioni ile akaja nyumbani na mama mkwe, wakakaa, nikajua kuna jambo.

"Shemeji," akasema, "hili gari limekufa. Kuna mtu Mbeya ananunua magari ya kuvunja spea. Atakuja Jumamosi."

"Na mimi?"

"Wewe utakaa dukani. Nitakutengea sehemu yako nyuma ya kaunta, upime sukari. Huwezi kupata shida mimi nikiwa hai."

Alisema kwa wema, na wema wake ndio ulionichoma. Mimi kukaa nyuma ya kaunta ya mtu, nikiomba ruhusa ya kwenda kusalimia! Gari likivunjwa, safari zangu zimevunjwa, na mimi nimerudishwa eda ya maisha. Nikamwambia nahitaji siku hizo zilizobaki. Akakubali, maana hakuona la kuharibika.

Mafundi wa mjini sikuwapata wa maana. Wote walikulia chini ya malori. Wa kwanza alisema klachi imekwisha. Nikamwambia aingie ndani anionyeshe klachi iko wapi; akaingia, akatafuta, akatoka, akasema basi ni plagi. Wa pili alitaka kulifungua lote kwanza halafu ndipo afikirie. Thubutu!

Jumatano nikasikia kuna mzee mmoja upande wa Kaengesa, fundi Mfipa aliyetumika miaka mingi karakana ya misheni na kuhudumia magari ya mapadri wazungu. Nikalikokota gari kwa mwendo wa maiti mpaka kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na hakuniuliza mume wangu yuko wapi. Aliniuliza gari linafanya nini. Nikampenda palepale.

Akaniambia niliwashe na nisilizime. Hilo lilinishangaza, maana kwetu oili hupimwa gari likiwa limezimwa. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi huku injini inanguruma, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe. Kitu kilichotoka hapo kilikuwa cheusi na kizito kama asali iliyoungua. Akanusa. Akasugua kwa vidole viwili. Akanitazama.

"Mama, nani ametia tisini humu?"

Tisini ni oili ya giaboksi za malori. Kila mtoto wa ukoo wetu anaijua kwa harufu kabla hajajua kusoma. Mzee akanieleza taratibu kwamba gari la otomatiki halinywi ile. Linakunywa oili nyekundu, nyepesi, ileile wanayotia kwenye usukani wa malori makubwa, maana humo ndani oili yenyewe ndiyo inayosukuma. "Ukiipa nzito," akasema, "asubuhi inaganda, mlimani inaungua."

"Limekufa?"

"Halijafa. Limelishwa sumu. Niletee nyekundu lita kumi na mbili, nilioshe mara mbili. Lakini usichelewe."

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Miezi minne na siku kumi, mkono mmoja tu ndio uliofungua boneti ile. Bingwa wetu! Anayesikia lori likiwa Namanyere! Ameliua gari langu mwenyewe, halafu anataka kulizika mwenyewe. Nilirudi mjini nimepanda lori la maharage, nimekaa juu ya magunia, upepo unanipiga, natunga maneno. Niliyatunga vizuri sana. Mpaka nafika nilikuwa nayo ya kumvua mtu nguo hadharani.

Tena oili yenyewe nyekundu ilikuwa inauzwa wapi? Dukani kwake.

Niliingia Alhamisi asubuhi. Duka limejaa madereva, na wanawe wawili wakubwa wako kaunta. Nikasema nataka oili ya usukani, lita kumi na mbili.

Shemeji akainua uso. "Usukani gani huo unaokunywa lita kumi na mbili?" Madereva wakacheka. "Au unataka kuogea?"

Maneno yangu yote yalikuwa ulimini, yamejipanga. Ningesema tu, mbele ya wanawe na madereva wale, na asingepata tena mtu wa kumwamini na injini mjini pale. Gari ningebaki nalo. Nilifungua mdomo. Ndipo nikamwona anaanza kuteremsha makopo, moja moja, na kila kopo analipangusa vumbi kwa mkono wa kanzu yake kabla ya kuniwekea. Alikuwa akifanya hivyo kwa kila mteja. Marehemu mume wangu naye alikuwa akifanya vilevile, mkono uleule wa kushoto. Nikayameza maneno yangu.

"Jumamosi huyo mtu wako akija," nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "mwambie asubiri kidogo. Mimi na wewe tutakwenda Ilemba, tupakie mpunga, tupande. Likigoma mlimani, alichukue hukohuko mlimani, na mimi nitakuja kupima sukari."

"Umesema mwenyewe, mbele ya watu."

"Nimesema."

Nikampelekea yule mzee oili Kaengesa, akafanya kazi Ijumaa kutwa. Jumamosi nilimpitia shemeji dukani; mnunuzi alikuwa ameshafika, akaachwa hapo na chupa ya chai. Kwenye mteremko shemeji akaniambia, "Weka fri, tuokoe mafuta." Ndivyo madereva wetu wote wanavyoteremka ule mlima, gia imetolewa, breki zinanuka.

"Hili haliteremki fri," nikamjibu, nikaingiza gia ndogo. Akaguna, akatazama nje.

Tulipakia magunia sita. Yeye ndiye aliyetaka liongezwe la sita. Sikubisha.

Tukaanza kupanda. Gari lilivuta vizuri mpaka ile kona. Hapo nikakanyaga mafuta na injini ikapanda sauti, ikapanda, nikasema moyoni basi, ndiyo hiyo, kaunta hiyo. Nilimwona shemeji kwa pembe ya jicho: mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga sakafu, unatafuta klachi isiyokuwepo. Halafu giaboksi ikajibadilisha yenyewe, ikatulia, ikashika. Gari likavuta. Likamaliza kona, likamaliza na ile inayofuata, likatutoa juu kwenye upepo wa baridi. Nilipiga honi kwa furaha ingawa hapakuwa na mtu wala mbuzi. Nikalisimamisha pembeni.

Nilipotaka kulizima akanishika mkono.

"Usizime." Akakaa akisikiliza. Kisha akauliza, "Huyo fundi alikuta nini?"

Sasa tulikuwa wawili tu. Maneno niliyoyatunga juu ya magunia nilikuwa ningali nayo. "Alikuta oili isiyo yake," nikasema. Nikaishia hapo.

Mtu anayejua injini haelezwi mara mbili. "Tisini," akasema. "Nilichomoa kile kijiti nikaona kitu chekundu, chepesi kama sharubati. Nikadhani oili imeharibika. Nikaimwaga, nikatia nzuri. Ile ninayotia kwenye lori la baba."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Jumatano."

"Na Alhamisi dukani ukanyamaza."

"Nilitaka kusema, shemeji. Usidhani mimi malaika."

Akavua kofia, akaishika magotini. Injini ilikuwa inanguruma polepole. "Kila Ijumaa nilifunga vioo," akasema, "nikaliwasha, nikakaa humu nikamlilia mdogo wangu. Nyumbani nisingeweza, watoto wananitazama. Humu injini ilinifichia. Nikawa naona nilifanyie kitu hili gari lake, nisilikalie bure. Ndipo nikaitia ile oili."

Miezi ile yote nilidhani nalia peke yangu.

"Nilikuwa dirishani," nikamwambia. "Nami nilikuwa nasubiri uwashe."

Alilia, na mimi nikalia, wala hatukujificha, na gari halikuzimwa. Alipomaliza alijifuta uso kwa kofia, akaivaa, akafungua kioo.

"Twende," akasema. "Yule mtu wa Mbeya hana gari la kuchukua hapa, na nitamwambia mbele ya wanangu ni nani aliyetia tisini."