Fundi magodoro aliyepewa nyumba yenye mke ndani

Saa tatu asubuhi, uchochoro ulio nyuma ya soko la vitambaa mjini Mahalla, Misri, umejaa vumbi jeupe. Rizq Abdelmawgud amekaa juu ya mkeka, miguu ameikunja, upinde mrefu wa mbao umeegemea bega lake. Anaugonga uzi wake kwa nyundo ya mti. Pamba iliyoshikana madonge inaruka juu, inarudi chini laini.

Ni godoro la bi harusi wa nyumba ya tatu. Mama yake anagawa sharubati, majirani wanapiga vigelegele, watoto wanarusha peremende.

"Fundi, tia pamba, acha ubahili!" anafoka shangazi mmoja kutoka dirishani. "Binti yetu si wa kulalia mbao!"

"Nikizidisha, Hajati, bwana harusi atateleza aanguke," anajibu Rizq, na uchochoro mzima unaangua kicheko.

"Na wewe je? La kwako utashona lini?"

Hapo Rizq anaacha kucheka. Anainamia pamba yake. Huenda shangazi hakujua anauliza nini. Huenda alijua vizuri sana, maana Mahalla habari hazipigi hodi.

Rizq ana miaka ishirini na minne. Godoro moja humpa pauni mia nne, na akipata mawili kwa wiki anashukuru, kwa kuwa watu wamekimbilia magodoro ya sponji. Ameshona ya maharusi wengi. La kwake bado, kwa sababu nusu ya mji inaamini tayari ana mke na watoto wawili, tena ndani ya fleti aliyopewa na serikali.

Mke huyo Rizq alimwona kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba mwaka jana. Alikuwa ameshika kisu.

Rizq aliokotwa mlangoni mwa msikiti akiwa mchanga. Jina lake, la baba na la babu, yote yalitungwa na karani. "Karani alikuwa na haraka," anasema. "Baba yangu alizaliwa kwa kalamu, kati ya chai moja na nyingine."

Alikulia katika nyumba ya malezi, na kazi ya upinde akafundishwa na Fundi Lamei, ambaye sasa ni marehemu. Ukitimiza miaka ishirini na mmoja unatoka. Wakubwa wanasema hawakutupi: anayetoka anapewa fleti ya kuanzia maisha. Kusema ni rahisi, na kusema wanajua sana.

Zamu ya Rizq ilifika baada ya kusubiri miaka miwili, siku ya mayatima ya Aprili iliyopita. Ukumbi, maua, kamera. Alipandishwa jukwaani akakabidhiwa ufunguo uliofungwa utepe wa kijani, akapeana mkono na mkubwa mmoja mwenye tai, watu wakapiga makofi. Kisha akaambiwa asiende huko kwanza, maji bado hayajaunganishwa.

"Nilijiuliza, mbona wanakimbilia kupiga picha na maji hawayakimbilii?" anasema. "Lakini ufunguo nilikuwa nao mkononi. Ufunguo ni ufunguo."

Kwa ufunguo huo alipata ujasiri wa kwenda kwa mzee Abdelsattar, mlinzi wa ghala la nyuzi, kumposa binti yake Shuruq, mshonaji katika kiwanda cha nguo. Mjane wa Fundi Lamei alikwenda naye, maana mtu haendi kuposa peke yake kama anayeomba maji. Fatiha ikasomwa kufunga posa. Mwanamume alete nyumba, upande wa binti walete mapazia, mazulia na vyombo.

Na mapazia hayanunuliwi kwa kukisia. Mama wa binti lazima aende mwenyewe kupima madirisha. Oktoba, maji au hakuna maji, Bi Fawqiya, mamake Shuruq, alitia futi ya kupimia mkobani, akamchukua dada yake, wakamwambia Rizq aongoze njia hadi majengo mapya nje ya mji. Shuruq alikuwa kazini.

Walipofika chini, Bi Fawqiya alitazama juu.

"Rizq, mwanangu, fleti yako si ile ya ghorofa ya pili, yenye roshani ya kona?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Mbona ina suruali?"

Roshani ilikuwa imeanikwa nguo. Suruali za mwanamume, magauni, soksi ndogondogo za watoto. Rizq akasema labda majirani wameazima kamba. Wakapanda. Akatia ufunguo, ukazunguka, mlango ukafunguka bila taabu, na ndani amesimama mwanamke mwenye kitunguu mkono huu na kisu mkono ule.

"Mmetumwa na nani?" akauliza mwanamke.

"Wewe ndiye umetumwa na nani?" akajibu Bi Fawqiya. "Hii nyumba ya mkwe wangu!"

"Ufunguo wangu mkwe wako ameutoa wapi?"

Watoto wawili wakatoka chumbani kuchungulia. Mdogo, kwa kuwa mtoto ni mtoto, akamwona mwanamume mlangoni akasema, "Baba?"

Basi. Bi Fawqiya alifunga mkoba wake bila hata kutoa futi.

"Ana ufunguo, mlango unamkubali, mtoto anamwita baba," alisema akishuka ngazi, kila kidato kwa sauti zaidi. "Na mimi nimekuja kumpimia pazia mke mwenza wa binti yangu! Mwenyezi Mungu, huyu kijana hana hata haya!"

Mwanamke huyo anaitwa Karima. Yeye naye ni mtoto wa malezi, wa nyumba ya wasichana, na fleti hiyo alipewa miaka mitatu kabla ya Rizq, siku ya mayatima, kwenye jukwaa, na makofi yalipigwa vilevile.

"Mimi utepe wangu ulikuwa wa waridi," anasema. "Siku ile nilidhani huyu kijana ni jambazi. Halafu nikadhani ametumwa na ofisi kunifukuza. Mpaka leo, kusema kweli, sijamaliza kudhani."

Mumewe, Sobhi, hufanya kazi kwenye tanuri za matofali na hurudi nyumbani Alhamisi. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Rizq alimwendea mzee Abdelsattar kujieleza. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema shida ni moja. Mwanamume mwingine angeitiwa ami, angeitiwa mjomba, angeitiwa mtaa mzima wa kusema huyu tunamjua, hana mke. Rizq aitiwe nani?

Rizq akasema atamletea hati ya serikali kwamba hajaoa.

"Ndoa ya siri haiandikwi kwenye hati, mwanangu," akasema mzee. "Mashahidi wawili na chumba, basi."

Wiki iliyofuata Rizq akamleta Sobhi mwenyewe. Sobhi akanywa chai, akaapa kwamba Karima ni mkewe na watoto ni wake. Bi Fawqiya akamkagua toka kichwani hadi viatuni.

"Na huyu," akamuuliza Rizq, "umemkodi kwa siku au kwa saa?"

Ni Shuruq peke yake aliyemjaribu kwa akili. Alileta sinia ya chai, na akiwa anaondoka akageuka ghafla. "Rizq, yule mwanao mdogo anaitwa nani?"

"Mwanangu yupi?"

"Umemwona, mama?" akasema Shuruq. "Mwongo angekuwa na jina tayari."

"Mwongo hodari angekuwa hana," akajibu mama yake.

Mzee Abdelsattar akakata shauri. Nyumba hata ikikosekana atavumilia. Mjane wa Fundi Lamei ana chumba juu ya dari, wakae huko. Mke mwenza hatamvumilia. Mtu wa serikali aje, aseme mbele yake kwa mdomo wake kwamba fleti ile ilipewa watu wawili wasiojuana. Akisema hivyo, harusi ipo. Asiposema, Fatiha ile imerudi.

Ajabu yetu hiyo. Serikali hatuiamini ikituambia bei ya mkate, lakini ikisema fulani ni nani, tunaiamini.

Rizq akaenda ofisi ya makazi ya mayatima. Afisa aliyempokea alikuwa anakula mbegu za tikiti.

"Fleti ya kona, ghorofa ya pili, umepewa wewe?"

"Nimepewa mimi, mheshimiwa."

"Ufunguo unafungua?"

"Unafungua."

"Basi aliyemo ndani ni wako."

"Simjui!"

"Wanaume wote husema hivyo," akasema afisa, na mleta chai akacheka hadi sinia ikatikisika.

Aliporudi mara ya pili hali ilibadilika. Afisa alifunga mlango wakabaki wawili, akamwita kijana wangu. Akasema kama yule mwanamke anamsumbua, aseme tu, askari watamtoa kesho.

"Mtakuwa mmemtoa mke wangu au mgeni?" akauliza Rizq.

"Hilo utalijua wewe."

Rizq alikataa. "Nikikubali wamtoe leo, nami nikaingia," anasema, "nitalala kila siku nasikiliza ngazi, nangoja kijana mwingine na ufunguo wake."

Tazama mchezo wenyewe ulivyo. Kukiri kwamba Karima yumo kihalali ni kukiri kwamba fleti moja imepigiwa makofi mara mbili. Na kama imepigiwa makofi mara mbili, basi ipo fleti nyingine iliyotakiwa kuwa ya Rizq. Anakaa nani huko? Mpwa wa nani? Ni bora kwao Rizq awe na mke asiyemtaka kuliko mtu kuuliza swali hilo.

Gazeti hili liliuliza. Lilitaka kujua jengo lile lina fleti ngapi, na vijana waliokabidhiwa ni wangapi. Jibu likawa njooni wiki ijayo. Mji huu unaijua vizuri hiyo wiki ijayo. Wapo waliozikwa wakiisubiri.

Mwezi huu simu ya Rizq ililia akiwa kazini. Afisa yuleyule, sauti imejaa asali. Siku ya mayatima inakaribia, na wakubwa wamemchagua awe mfano wa kijana aliyefanikiwa: fundi, mwenye nyumba, mwenye familia. Atapanda jukwaani aseme maneno mawili ya shukrani.

"Na uje na mkeo na watoto," akasema afisa. "Wavae vizuri, televisheni itakuwepo."

Rizq aliutazama upinde wake, akawatazama wanawake wanaosubiri godoro. "Nitakuja nao wote," akasema. "Niwekeeni viti vinane."

Huo ndio mpango wake. Karima atakuja na watoto, na Sobhi ataomba ruhusa tanurini. Mzee Abdelsattar na Bi Fawqiya wamekubali kukaa safu ya mbele, yeye mama akisema haji kumwamini mtu, anakuja kusikia tu. Rizq akiitwa amtambulishe mkewe, atamwita Sobhi amtambulishe Karima kuwa ni mke wake yeye. Kisha, kamera zikiwa zinatazama, atamgeukia mkubwa mwenye tai amuulize swali moja: mimi na bibi huyu, mlitupa nyumba moja au mbili?

Karima ameliwaza jambo hilo siku kadhaa. Ana cha kupoteza zaidi kuliko wote. "Wakinitoa, nataka wanitoe watu wakiona," anasema. "Kimyakimya sitoki."

Rizq naye hana uhakika. Amewahi kuona mtu akianza kulalamika jukwaani, na maikrofoni ikafa papo hapo, ikasemwa ni hitilafu ya umeme.

Shuruq, aliyekuwa anamsikiliza akitoa wasiwasi huo, hakuinua hata macho kwenye cherehani.

"Nimeshakwenda kuuangalia ukumbi," alisema. "Waya wa maikrofoni umechomekwa ukutani, kushoto kwa jukwaa. Kiti changu kitakuwa hapo. Atakayetaka kuuchomoa ataniomba kwanza niinuke."