Kompyuta ya mama "inaitika bee" lakini haiji: nilivyoumbuka kwetu Mwika

Wakuu, poleni na majukumu.

Hili jambo nimekaa nalo wiki mbili nikijiuliza nililete humu au nife nalo. Nimeamua kulileta. Ni kweli tupu. Nimeficha majina tu, maana najua humu wamo ndugu zangu wanaosoma kimya kimya bila kulike.

Mimi ni mkazi wa Rau, hapa Moshi. Nina stationery ndogo mjini, natoa kopi, nachapa barua, na siku za bahati nafufua kompyuta za watu. Cheo cha fundi nilijipa mwenyewe. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye "mtu wa IT", na hakuna aliyewahi kuniuliza cheti.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi kwetu Mwika, juu kule kwenye migomba. Alipostaafu nilimpelekea desktop moja kuukuu, ya zile ambazo CPU yake ukiibeba lazima useme "Yesu". Nilijua atacheza karata tu.

Kumbe mwenzangu alikuwa na mpango.

Akaanza kuzunguka kwa wazee wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Anawahoji nani alimzaa nani, nani alioa wapi, nani alihamia Holili akapotelea huko. Akirudi nyumbani anachapa kwa vidole viwili. Kazi hiyo kaifanya miaka miwili. Baadhi ya wale wazee wameshatangulia mbele za haki, kwa hiyo hata ukitaka kuwauliza tena haiwezekani.

Sasa sikieni kosa langu.

Krismasi iliyopita mama aliniuliza kama lile faili nimelihifadhi na mahali pengine. Nikamwambia nimeshahifadhi mama, lipo kwenye flashi, ondoa shaka.

Wakuu, sikuwa na flashi yoyote. Nilikuwa nawahi nyama choma kwa baba mdogo.

Basi, Jumatano moja ya mwezi wa saba simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kompyuta haiwaki."

Nikavaa sauti ya kitaalamu. Nikamuuliza kama taa inawaka. Inawaka. Feni inazunguka? Inavuma vizuri tu. Kioo je?

"Kioo cheusi. Halafu ukiiwasha inaitika."

"Inaitikaje?"

"Inaitika bee. Bee, bee, bee. Mara tatu. Inaitika lakini haiji."

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa anatoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akaanza kucheka bila kujua kisa. Nikamwambia mama basi hiyo itakuwa kompyuta ya kike, imelelewa vizuri. Mama hakucheka.

"Jumamosi kuna kikao cha ukoo," akasema. "Baba yako mdogo ndiye mwenyekiti, anataka ile orodha isomwe mbele ya watu wote. Ila isipowaka si neno. Wewe si unayo kwenye flashi? Ichape huko huko mjini, uje nayo."

Kicheko kilikata hapo hapo. Jasho likaanza kunitoka, na Moshi mwezi wa saba si mji wa kutoka jasho.

Badala ya kusema ukweli nikamwambia flashi ninayo, ila ni busara nije niitibu mashine yenyewe kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliona niirefushe kidogo.

Alhamisi asubuhi nikafika Mwika na begi la vifaa. Nikakuta CPU iko jikoni, mita moja kutoka kwenye mafiga, imefunikwa blanketi. Sitanii. Blanketi la kulalia, limekunjwa vizuri, kitufe cha power tu ndicho kimeachwa nje kipumue.

Pembeni amekaa baba mdogo Anaeli, mdogo wake marehemu baba, anaiangalia kama anamwuguza mgonjwa.

"Hii imepigwa na baridi," akaniambia. "Mwezi huu hata ng'ombe anatetemeka, sembuse hiki kidude cha bati. Iache ipate joto, itaamka yenyewe."

Nikamwambia baba mdogo, kompyuta ikipata joto ndiyo inakufa. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyesomeshwa akaharibika.

(Kama na wewe kompyuta yako huwa unaifunika blanketi, humu usicomment, soma tu upite.)

Nikaihamishia sebuleni, ambako kulikuwa kumetoka kupakwa rangi. Kazi ikaanza.

Nilikuwa nimeazima power supply kwa jamaa yangu. Nikabadilisha. Kioo cheusi. Nikabadilisha kebo ya monitor. Cheusi. Nikatoa ile betri ya saa, nikahesabu dakika tano, nikarudisha. Cheusi vilevile.

Na muda wote huo, wakuu, nilikuwa nimevaa earphone. Nafuata tutorial ya jamaa mmoja anayeongea Kiingereza kwa spidi ya mtu anayekimbizwa na gari. Kila nikiwasha mashine, mama anapaza sauti kutoka mlango wa jikoni, na mimi naona mdomo tu ukitembea. Najibu "sawa mama" na kuendelea.

Baadaye ndiyo nikajua alichokuwa anasema. Alikuwa anasema, "Imeitika tena!"

Mchana nikaamua mbaya ni monitor. Nikaifunga kwenye bodaboda, nikaipeleka shule ya jirani kuijaribu kwenye mashine yao. Ikawaka vizuri kabisa. Karani wa pale akaniuliza, "Fundi, huko nyumbani mmeichomeka lakini?" Nikajikaza nikasema aika, yaani asante ya kwetu, nikaondoka na monitor yangu kifuani kama mtoto wa kubatizwa.

Usiku huo nililala na picha moja tu kichwani: wajomba, mashangazi na watoto wao wote wamekaa kwenye viti vya kukodi, baba mdogo anasimama kusoma, halafu hana cha kusoma. Na mama ananigeukia mimi. Niliogopa kweli.

Ijumaa asubuhi nikaendelea na tutorial. Mara bando likaisha.

Nikavua earphone kwa hasira. Nikabonyeza power kwa hasira hiyo hiyo. Nikasikia kwa masikio yangu:

Bii. Bii. Bii.

Wakuu! Hiyo sauti hata mwanafunzi wa fundi wa wiki ya kwanza anaijua. Zile mashine za zamani zina kispika kidogo ndani. Zikishindwa kuonyesha kitu kwenye kioo zinapiga mlio kukueleza zinaumwa wapi. Na mlio kama ule kwenye mashine kama ile, cha kwanza kushuku ni RAM, ile kadi ya kumbukumbu.

Mama alinieleza ugonjwa tangu Jumatano. Tena akanihesabia na idadi.

Nikafungua tena ubavuni, safari hii nikainamia kabisa pale kwenye RAM ambapo jana sikupaangalia. Masizi ya jikoni yalinirukia nikapiga chafya nne. RAM ilikuwa imekaa upande, upande mmoja umechomoka kabisa. Nikaitoa, nikaenda kwenye kopo la kalamu la mama, nikachukua kifutio cha penseli, nikasugua yale meno yake ya njano mpaka yakang'aa. Nikairudisha, nikaikandamiza mpaka ikalia "ta!" pande zote mbili.

Nikawasha. Bii moja tu, fupi, ya heshima. Kioo kikajaa mwanga na faili la ukoo likawa pale pale kwenye desktop.

Niliruka. Baba mdogo alikuwa mlangoni, akasema, "Si nilisema ikipata joto?" kisha akatoka bila kungoja jibu.

Nikaona mwanya wangu ndio huu. Nikachomoa haraka mfukoni flashi tupu niliyokuja nayo, nikaichomeka, nikaanza kukopi.

"Hiyo ya nini tena?"

Mama alikuwa nyuma yangu, anafuta mikono kwa khanga.

"Naongeza nyingine mama. Backup ya backup."

"Ahaa," akasema. Akakaa kwenye kochi, akanitazama juu ya miwani. Wenye mama walimu mnalijua hilo jicho.

Kabla sijatafuta neno, baba mdogo akaingia tena. Safari hii kashika jani la isale kwa mikono miwili. Kwa msiotoka huku: ukimkosea mtu ukamwendea na jani la isale, hana budi akusamehe. Ni jambo zito, si la kuchezea. Sijawahi kuliona likiletwa kwa ajili ya kompyuta.

"Shemeji," akasema, "ile wiki ya kupaka rangi, niliposema nitaihifadhi kwangu, niliisafirisha kwa toroli. Wakati wa kuirudisha likanishinda pale kwenye mfereji. Ikadondoka ikabingirika. Nikaifuta kwa koti, nikanyamaza. Mambo ya baridi niliyatunga."

Mama akapokea jani. "Yameisha, shemeji. Kaa, kuna kiburu."

Mimi nimebaki pale, flashi imeshafika asilimia mia. Ningeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Lakini mzee mwenye mvi zake amekiri, mimi na ndevu zangu nimejificha nyuma ya flashi. Nikashindwa. Nikatoka mpaka kwenye uzio, nikakata isale langu, nikarudi.

"Mama, Krismasi nilikudanganya. Sikuwa nimehifadhi popote."

Hakushtuka hata kidogo. Akaingia chumbani, akarudi na kaunta buku tatu, akaziweka mezani mbele yangu.

Nikafungua. Ni faili lote, wakuu. Kila jina, kila tawi, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, wino wa bluu, na wanawake kawapigia mstari kwa wino mwekundu.

"Siku ile ulinijibu kabla sijamaliza kuuliza," akasema. "Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini. Mtoto anayejibu kabla swali halijaisha, daftari lake halina kitu."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha nihangaike siku mbili.

"Nilikuwa nakungoja useme."

Baba mdogo alikuwa anakula kile kiburu, ndizi zake na maharage, kwa makini sana, haangalii mtu.

Nilicheka kidogo, kisha nikaacha. Nilikuwa nafunua zile kurasa. Kila siku akimaliza kukamua ng'ombe, mama yangu alikuwa anakaa anaandika kwa mkono kitu ambacho tayari alishakichapa, na macho yenyewe hayo ya miwani. Kazi yote ya miaka miwili aliirudia upya, kwa sababu ya uongo wangu mmoja wa kuwahi nyama. Niliumia wakuu, nisiwafiche. Msamaha nilipewa palepale, lakini zile kurasa bado naziona.

Jumamosi kikao kilienda vizuri. Baba mdogo alisoma mpaka sauti ikakauka, mimi nikakaa pembeni na kaunta buku nikiweka tiki. Shangazi mmoja tu ndiye aliyelalamika kwamba mwaka wake wa kuzaliwa haukupaswa kusomwa hadharani.

Nilichojifunza: mwenye mashine akikueleza inavyoumwa, msikilize, hata kama anaieleza kwa lugha ya nyumbani. Ukitaka kumsikia mgonjwa, vua earphone. Na RAM ijaribuni kabla ya kuazima power supply za watu.

La mwisho mnalijua. Siku hizi nikimwambia mama kwenye simu kwamba jambo fulani nimeshalifanya, ananijibu, "Piga picha utume."

Haya, karibuni mnicheke na mlete ya kwenu. Ila wewe unayesoma hapa huku kuna kitu umemwambia mama yako umeshafanya, nenda kakifanye kwanza. Comment zitakungoja.