Salamu ya Bibi Gazetini

Mpaka leo nikishika gazeti nasikia harufu ya maranda ya msonobari, hata kama halinuki chochote. Magazeti yalifika Mafinga mchana kwa basi la Iringa, na Baba, fundi seremala, aliyasoma kwa sauti karakanani ili Bibi, mama yake, asikie. Mwaka ule palikuwa na ubishi mkubwa: msitu wa serikali upewe mwekezaji mmoja, kama waziri alivyotaka, au usipewe? Shangazi yangu, mwandishi wa riwaya aliyeishi Norwe, akajitosa kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Mwekezaji akichukua magogo yote, aliandika, mafundi wa Mafinga watachonga nini? Mafundi wenyewe walicheka. "Dada yako yuko kwenye barafu huko, mbao anazijulia wapi?" Mimi nilitaka kujua jambo jingine kabisa: mtu anawezaje kugombana na waziri akiwa jikoni kwake Ulaya?

Bibi hakujali waziri wala magogo. "Salamu iko wapi?" aliuliza. Kwetu Wahehe huwezi kupita mbele za watu, sembuse kuanza ugomvi, kabla ya kusema kamwene na kuitikiwa. Barua ilianza na msitu, ikaishia na msitu. Bibi akaacha kumtaja mwanawe. Alisema mtoto amekwisha kuwa wa huko. Iliniuma sana, maana ni yeye aliyekuwa akinisimulia habari za Shangazi. Baba akapiga simu. Shangazi akaapa kwamba alimsalimia mama yake mstari wa kwanza, mhariri ndiye aliyekata. Bibi hakutaka hata kuishika simu. "Amenipita mbele za watu, anisalimie mbele za watu."

Barua iliyofuata Baba aliisoma polepole. Katikati, hoja ikiwa imepamba moto, paliandikwa: "Mheshimiwa waziri awaulize waliokuwepo kabla miti hiyo haijapandwa. Aende Mafinga kwa mama yangu, amwambie kamwene, kama ninavyomwambia mimi sasa, asubiri aitikiwe, ndipo aulize." Hapo mhariri hakuweza kukata bila kuivunja hoja. Mafundi wakaweka randa chini. Bibi akajifunga khanga vizuri, akaliitikia gazeti: "Kamwene, mwanangu." Kisha akamgeukia Baba. "Haya, sasa nisomee hayo ya msitu."

Ubishi wa msitu ulipoa wenyewe. Siku hizi watu hubishana kwenye simu, na hutukanana kabla hawajajuana majina. Bibi hayupo tena. Shangazi amezeeka, bado anagombana na mawaziri kutoka Norwe, sasa mtandaoni, ambako hakuna mhariri wa kumkata. Angeweza kuiweka salamu mstari wa kwanza. Haweki. Huiacha palepale katikati, na mimi nikiifikia naiitikia kwa sauti, kwa niaba ya Bibi.