Mwaka Akina Mama wa Bondeni Walipopimwa Choo

Sisi tuliozaliwa Bondeni, Nakuru, kabla bendera haijabadilishwa, tulilelewa na mama zetu na Bwana Afya. Baba alikuwepo, sisemi hakuwepo, alikuwa mtu wa reli, lakini aliyejua hali ya kucha zangu na masikio yangu ni Bwana Afya. Mtu mrefu, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ungedhani itamkata, soksi hadi magotini, baiskeli nyeusi, na fimbo nyembamba ya kuchokorea mitaro. Kengele ya ile baiskeli ikilia kwenye kona, mtaa mzima unaanza kufagia. Hata aliyekwisha kufagia anafagia tena, ili aonekane.

Wenzangu mlio huku ng'ambo, Mesquite, na Mansfield, na wale wa Houston mnaotutembelea tukiwa na harusi, mnakumbuka harufu. Watoto wetu harufu hawaijui. Nyumba zao zinanukia mishumaa ya vanila. Sisi ilikuwa ile dawa nyeupe kama maziwa inayomwagwa mitaroni, chokaa mbichi ukutani, sabuni nyekundu, moshi wa makaa, na vumbi la ziwani likija mchana. Na vyoo vya ndoo. Acheni niseme, maana tunazeeka tukijifanya tulizaliwa na vyoo vya kuvuta maji. Safu nzima ya nyumba ilikuwa na kibanda kimoja cha vyoo, ndoo iko chini, na asubuhi wanakuja wazee na mkokoteni kuzitoa kwa mlango wa nyuma. Ukiingia wakati mbaya unasikia sauti chini yako: "Wewe hapo juu, ngoja kwanza!" Unangoja. Ungefanya nini?

Hata mchezo wetu ulikuwa wa afya. Mmoja anakuwa Bwana Afya, anashika kijiti, sisi wengine ni viluwiluwi vya mbu tumejificha nyuma ya mapipa. Akikupata anakumwaga, yaani anakusukuma unagaagaa vumbini, umekufa. Ukirudi nyumbani mchafu, mama anakuosha mferejini mbele ya watu. Mjukuu wangu Jayden ana saa ya mkononi inayomhesabia akinawa mikono, ikilia ndiyo anaacha. Nikamwambia mimi aliyenihesabia ni mama yangu, na alihesabu kwa makofi. Akasema, "Nyanya, that's sad." Haikuwa sad. Nilikuwa msafi.

Nimepotea. Nilitaka kusema habari ya choo kile kingine, maana mnajua Kiswahili chetu, choo ni chumba na choo ni kile unachokiacha chumbani. Neno hilo moja nusura lituue kwa kicheko.

Mama yangu, wakimwita Mama Tabu kwa sababu yangu mimi, aliuza uji na mandazi kwenye lango la karakana ya reli. Kila muuza chakula alipaswa kuwa na kadi ya Bwana Afya. Huna kadi, askari anakuja, anamwaga. Niliona kwa macho yangu uji wa jirani yetu Mama Shida ukienda mtaroni, sufuria nzima, na yeye amesimama ameshika kata. Sasa mwaka ule baba alikuwa ameanguka kutoka kwenye behewa, mguu una plasta mpaka kwenye nyonga, analala tu anatazama bati. Watoto tulikuwa watano. Tulichokula kilitoka kwenye lile karai la mandazi, na karai lilitegemea kadi.

Basi siku moja Bwana Afya akasimama mferejini, akatangaza kwamba kuanzia mwaka huo hapati mtu kadi bila kupimwa. Akagawa mikebe midogo yenye vifuniko. "Kesho kutwa saa tatu," akasema, "kila mama anayeuza chakula aniletee choo chake hapa."

Bi Mgeni, mwanamke mzee kuliko wote, muuza bajia asiyebakiwa na jino hata moja, akatazama mkebe, akatazama kile kibanda cha vyoo, akauliza kwa adabu kabisa, "Bwana, choo chetu ni cha serikali, na kimejengwa kwa matofali. Tutakibebaje?"

"Si hicho, mama. Cha tumboni."

"Cha tumboni mwa nani?"

"Mwako!"

Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Afya akapanda baiskeli bila kuaga.

Mama hakucheka. Tumbo lilikuwa likimnguruma mwezi mzima, na hakuwa amemwambia mtu. Nyumbani akamwambia Mama Shida, mimi nikisikia, "Wakinikuta na mdudu hata mmoja, shoga, sisi tumekwisha."

Mama Shida akanitazama. Mimi wakati ule nilikuwa na mashavu, na tumbo la mviringo kama ngoma ya harusi. Akasema, "Wewe unaye Tabu. Mtoto mnene namna hii mdudu atakaa wapi?"

Mama akafikiri. Akakubali. Mama Shida akasema, "Basi na mimi kidogo." Na Mama Shida hajui kunyamaza. Kabla jua halijageuka, uani walikuwepo wanawake kumi na mmoja, mama akiwemo, kila mmoja na mkebe wake chini ya leso.

Ndugu zangu, sijawahi kupendwa vile tena, hata siku ya ndoa yangu. Niliwekwa kwenye kigoda katikati ya ua, nikalishwa. Papai. Maharagwe. Ndizi mbivu. Uji wa wimbi. Viazi karai vya moto. Bi Mgeni akaniletea mapera kikapu kizima. Wadogo zangu wanatazama kwa wivu, wanafukuzwa.

"Kula, mwanangu. Usituangushe."

"Bado?"

"Bado, mama," nikasema.

"Mpe maji ya vuguvugu."

Mmoja akaja na chupa ya mafuta ya nyonyo, mama akamzuia mlangoni. "Tunataka choo," akasema, "hatutaki mafuriko."

Asubuhi ile ya miadi niliwafaa wote. Mama akagawa kwa kijiti, kwa haki, kama mtu anayepakua halua. Nakumbuka Bi Mgeni akilalamika, "Mama Shida, umejaza! Wenzako watapata nini?" Saa tatu walipanga foleni mferejini, nyuso za kanisani, wakakabidhi.

Wiki ikapita. Bwana Afya akarudi, na kengele hakuipiga. Hapo tukajua kuna jambo. Akawaita wale kumi na mmoja, akafunua karatasi.

"Nyote mna minyoo," akasema.

Wanawake wakashika vinywa. Mama akashika ukuta.

"Nyote mna minyoo ya namna moja. Na nyote siku hiyo mlikula mapera. Mbegu tumeziona." Akamgeukia Bi Mgeni. "Hata wewe, bibi. Umeyatafuna na nini?"

Nzi ungemsikia, kama Bwana Afya angeruhusu nzi.

"Nauliza mara moja. Choo hiki ni cha nani?"

Wanawake kumi na mmoja wakanitazama mimi. Na mimi, kwa kuwa shuleni tulifundishwa ukiulizwa unyooshe mkono, nikanyoosha. "Changu, bwana."

Bwana Afya akageukia ukuta. Mabega yakawa yanatikisika. Tulidhani analia. Mama akatoka mbele. "Bwana, kosa ni langu. Hawa walinifuata tu. Mume wangu yuko kitandani, lakini ninyime mimi peke yangu, wenzangu uwape."

Alipogeuka macho yalikuwa mekundu kwa kicheko, lakini akakaza uso. "Mimi sikuja kumnyima mtu kadi, mama. Nilikuja kutafuta mdudu, na nimempata. Yuko ndani ya mtoto wako." Akanigusa tumbo kwa kidole. "Huu si unono. Huyu analisha wageni."

Mama alinitazama lile tumbo alilokuwa akijivunia kwa watu, na kwa mara ya kwanza siku zile zote alilia, hakulia kwa ajili ya kadi.

Bwana Afya akatoa mikebe mipya. Akaketi kwenye kigoda, kigoda changu mimi, akakunja miguu. "Leo kila mtu chake. Mimi sina haraka."

Alikaa mpaka adhuhuri. Walimletea chai, akaikataa. Majibu yalipokuja, Mama Shida alikutwa na minyoo, akapewa dawa, akapata kadi yake baadaye. Mama yangu hakuwa na kitu. Tumbo lake lilikuwa na wasiwasi tu, mguu wa baba ndio uliokuwa ukinguruma mle ndani. Jumatatu alikuwa langoni na karai lake, kadi ameifunga kwenye pindo la leso, na alinipa andazi la kwanza kabla ya wateja.

Mimi nilipewa dawa chungu sijaonja mfano wake. Siku ya pili wale wageni wakatoka. Msinikunjie uso, nyote mmetoa. Wale akina mama walikuja kuangalia, wakahesabu, wakapiga vigelegele. Nikakonda, wakanisikitikia, wakaniita Cheti, maana ndimi niliyetaka kuwa kadi yao, mpaka nilipoolewa.

Leo niko kwa binti yangu Rehema, nesi, nyumba ina vyoo vitatu na watu wanne. Mwaka huu kliniki iliniletea kisanduku kwa posta, cha kupima kitu hicho hicho. Rehema akafunga mlango wa jikoni kabla ya kunieleza, na nyumbani hakukuwa na mtu. "Mama, ni siri yako," akasema, "usimwambie yeyote." Nikatia kwenye chupa, chupa kwenye mfuko, mfuko kwenye mfuko. Jina langu halikuandikwa nje, ni namba tu. Ni utaratibu mzuri. Siubezi. Watu wanapona.

Majibu yalikuja kwenye simu, Rehema akiwa kazini na watoto shuleni. Jirani pekee ninayeongea naye, mama wa Kirundi, alikuwa kazini ghalani, kwenye zamu. Nikasoma neno kwa neno: sina kitu. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikafungua mlango wa mbele, nikasimama. Gari zinapita, vioo vimefungwa. Mtaa umefagiwa na upepo tu. Pale Bondeni ningesimama hivyo hivyo mlangoni nikasema, "Safi!", na mtu angepiga kigelegele kabla hajauliza ni nini kilicho safi.